Kupanda Lushoto: Habari za Njia na za Usukani



Njia ipandayo kutoka Mombo hata Lushoto si ndefu. Ni kilometa zipatazo 33 tu, nayo imetiwa lami. Mtu aliyezoea safari za nyikani aweza kusema, "Huo ni mwendo wa saa moja." Walakini katika mwendo huo mfupi gari hutoka kwenye joto la bondeni, penye mashamba ya mkonge, likapanda hata mahali palipo kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, ambako mwezi wa Juni na wa Julai watu huvaa makoti hata mchana. Upande mmoja wa njia ni ukuta wa mwamba, na upande wa pili ni korongo. Kona zake ni nyingi, na nyingine zimejikunja sana, hata abiria akitazama dirishani huiona njia aliyoipita dakika chache zilizopita iko chini yake kama uzi ulioanguka. Njia ya namna hii haimwulizi mtu gari lake ni la rangi gani, wala limenunuliwa lini. Humwuliza neno moja tu: Je, usukani wako wakutii?

Nataka kuwaeleza habari za njia hii, na habari za gari moja la nyumba ya mwalimu, gari ambalo lilikuwa bado jipya machoni pa watu wote. Nafanya hivi kwa kuwa nyumba nyingi za walimu sasa zina magari, mengine kwa akiba ya miaka mingi, mengine kwa mkopo ambao hulipwa kidogo kidogo katika mshahara. Tena wengi wetu hudhani kwamba gari likiwa jipya halina neno. Tumejifunza kuogopa gari kuukuu, lakini hatujajifunza kuliangalia gari jipya.

Kwanza nitaje habari za mahali penyewe. Milima ya Usambara ya magharibi ni nchi ya Washambaa, na mji wa watawala wao wa ukoo wa Wakilindi ulikuwa Vugha, juu milimani. Wadachi walipoitawala nchi hii waliipenda baridi ya Lushoto, wakaujenga mji huo na kuuita Wilhelmstal. Reli yao ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Basi Mombo pakawa mlango wa mlima: mzigo ulishushwa hapo, na mwenye kwenda Lushoto alianza kupanda. Hata leo ni vivyo hivyo. Mabasi ya Arusha na Dar es Salaam husimama Mombo, abiria wakala na kunyosha miguu, na yule mwenye safari ya mlimani hugeuka upande wa mashariki, akautazama mlima uliosimama mbele yake kama ukuta.

Sisi tulitoka Muheza siku ya Ijumaa asubuhi na mapema, watu saba katika gari la viti saba: mwalimu na mkewe, watoto wao watatu, mama yake mwalimu ambaye watoto humwita Bibi, nami. Tulikuwa tukienda arusini Lushoto, kwa kuwa binti wa kaka yake mkewe mwalimu alikuwa aolewe Jumamosi. Tena gari lile lilikuwa limekwisha kuahidiwa. Jamaa wa Lushoto walikuwa wamepewa neno kwamba ndilo litakalomchukua bibi arusi kutoka nyumbani kwao mpaka kanisani, nao walikuwa wamekwisha kununua maua na utepe wa kulipamba.

Gari lenyewe lilikuwa na miaka minne tangu kutoka kiwandani, na miezi saba tangu kuingia nyumbani kwa mwalimu. Lilikuja kwa meli, limekwisha kutumika kidogo ng'ambo, kama yajavyo magari mengi ya nchi yetu. Rangi yake ilikuwa ikingali inang'aa, na viti vyake havikuwa na doa. Lakini tangu mwezi wa pili lilianza kuonyesha dalili. Kwanza lilivuta upande wa kushoto, hata mwalimu ikamlazimu kuushika usukani kama mtu amvutaye mbuzi asiyetaka kwenda. Kisha taa ya manjano yenye picha ya usukani ikaanza kuwaka mbele ya macho yake, ikizimika na kuwaka tena, na kila ilipowaka usukani ulikuwa mzito. Mwisho ikaja sauti, "to, to, to," kila lilipopita juu ya tuta au mashimo.

Mwalimu hakuwa mvivu. Alilipeleka gari kwa mafundi watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza alisema magurudumu hayakukaa sawa, akayapima kwa mashine na kuyanyosha. Gari likaenda vema wiki mbili, kisha likarudia tabia yake. Wa pili akasema kosa ni la tairi, akauza tairi moja. Wa tatu akaunganisha kompyuta, akaifuta ile taa isionekane, akasema, "Gari hili ni jipya mno kuwa na ugonjwa, mwalimu. Ni taa tu." Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa manahodha walikuwa watatu, wala hakuna hata mmoja aliyelala chini akatazama.

Basi tulitoka Muheza, tukapita katikati ya wauza machungwa, tukapita Hale penye kituo cha umeme wa maji ya mto Pangani, tukafika Segera. Hapo njia hugawanyika, moja yaenda Dar es Salaam na nyingine yaenda Moshi na Arusha. Tulikuwa tumepita Segera kidogo taa ile ilipowaka. Mwalimu akaipiga piga kwa kidole, ikazimika. Mkewe akatazama, asiseme neno. Korogwe, penye matuta barabarani, tukaisikia ile "to, to, to," hata mtoto mdogo akaanza kuiiga, na wenziwe wakacheka. Kutoka Korogwe milima ilikuwa mkono wetu wa kuume, yenye wingu vileleni, na kushoto nyika ilienda mbali hata macho yasipofika. Mwalimu alitusimulia habari za mkonge na za gari la moshi, lakini niliona mikono yake haikulegea juu ya usukani.

Mombo tulisimama tule. Tulipokwisha kula, mwalimu akawasha gari, na injini ikakohoa mara mbili kabla ya kukubali. Ile taa ikawaka, isizimike tena. Akajaribu kuugeuza usukani ili atoke mahali pale, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Ndipo watu waliokuwa karibu wakatuonyesha fundi mmoja, mzee wa makamo, aliyefanya kazi chini ya mwembe, hana mashine ila jeki, spana zake na gunia la kulalia.

Mwalimu akamwambia, "Shikamoo, fundi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Waenda juu au waenda mbele?" Mwalimu akasema, "Twaenda Lushoto." Yule mzee akautazama mlima, akatazama watoto waliokuwa garini, kisha akasema, "Basi washuke wote, tuangalie."

Nitaeleza alivyofanya, kwa maana yafaa kila mwenye gari ajue. Kwanza alifungua mahali pa betri. Akaona vichwa vyake vimeota unga mweupe kama chumvi, na waya mmoja ulikuwa umelegea hata waweza kuutikisa kwa vidole viwili. Akamweleza mwalimu hivi: Katika magari ya zamani aliyesaidia mikono ya dereva alikuwa ni mafuta yaliyosukumwa kwa pampu, katika magari mengi ya sasa ni mota ndogo ya umeme. Umeme ukipungua, gari huacha kuisaidia mikono ya dereva na kuwasha taa. Usukani haukatiki, kwa kuwa vyuma vimeunganika, lakini huwa mzito, na mtu asiyetazamia hupatwa na hofu kwenye kona. Akavisugua vile vichwa vya betri, akaukaza waya. Gari likawashwa, taa ikazimika, na usukani ukawa mwepesi kama wa siku ya kwanza.

Mwalimu akafurahi sana. Akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ni hilo tu!" Akaanza kuwaita watoto wapande. Lakini yule mzee hakuinuka. Akasema, "Hilo lilikuwa la kukuambia ninyi. Bado lile lisilokuwa na taa."

Akatia jeki upande wa kushoto, gurudumu likaning'inia. Akalishika juu na chini, akalitikisa, halikucheza. Akalishika kulia na kushoto, akalitikisa, likacheza, tena likatoa ile sauti yetu, "to, to." Akalala juu ya gunia lake, akamwita mwalimu naye alale atazame. Nami nikainama. Akatuonyesha fimbo ya chuma itokayo kwenye mtambo wa usukani kwenda kwenye gurudumu, ambayo mafundi huiita tairodi. Mwishoni mwake pana kifundo cha mviringo, kama kifundo cha nyonga ya mtu, kikaacho ndani ya kikombe chake na kufunikwa kwa mpira wenye grisi. Mpira ule ulikuwa umepasuka. Grisi ilikuwa imetoka, mchanga ulikuwa umeingia, na kifundo kililegea katika kikombe. Kisha akatuonyesha tairi: ubavu wake wa ndani ulikuwa umelika, na wa nje ulikuwa mzima. Akasema, "Huyu aliyekuuzia tairi alikuuzia kitu kizuri, lakini hakuuliza kwa nini la kwanza lililika."

Mwalimu akauliza kama kitu kile chapatikana Mombo. Yule mzee akasema cha gari la namna ile hakipo. Chaweza kuagizwa Tanga, kikaja kwa basi kesho yake jioni. Lakini arusi ilikuwa kesho asubuhi, saa nne.

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Taa ilikuwa imezimika. Usukani ulikuwa mwepesi. Mbele ya mwalimu palikuwa na kilometa 33 tu, na huko juu jamaa wa mkewe walikuwa wakingoja gari waliloahidiwa. Akasimama kitambo, akisugua ufunguo mkononi. Akamwuliza fundi, "Nikienda polepole, je, halitafika?" Yule mzee akajibu, "Laweza kufika. Laweza kufika mara tatu. Lakini kifundo hiki kikitoka katika kikombe chake, gurudumu moja litakwenda lipendako, na usukani utakaokuwa nao mkononi utakuwa ni duara tu. Tambarare husamehe, mwanangu. Mlima hausamehe. Nikikuambia nenda, usiku huu mimi sitalala."

Mkewe mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, tuliahidi gari, lakini hatukuahidi watoto." Mwalimu akamjibu, "Wajua watakavyosema kwenu. Watasema niliwatangazia gari jipya, kisha nikaja kwa basi." Ndipo Bibi, ambaye alikuwa ameketi juu ya furushi lake na kunyamaza muda wote, akasema, "Mwanangu, kesho hakuna atakayeuliza mlikuja na nini. Watahesabu waliofika. Nami nataka kuhesabiwa."

Mwalimu hakujibu. Aliutia ufunguo mkononi mwa fundi, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kushusha mizigo.

Tukapanda basi dogo la Lushoto, watoto mapajani, na sanduku la nguo za arusi juu ya magoti yangu. Nawaambia, ndugu, aipandaye njia ile akiwa abiria ana nafasi ya kuona mengi. Basi likiisha kuacha nyumba za Mombo, huingia katika ufa wa mlima, na kwa kona ya tatu au ya nne nyika yote huonekana chini, mistari ya mkonge ikiwa kama kitambaa kilichofumwa. Dereva wetu alipiga honi kabla ya kila kona iliyofichwa na mwamba, akangoja ajibiwe. Tulikutana na malori yanayoshuka, yamejaa kabeji, karoti na viazi vya kwenda sokoni Dar es Salaam, na kila mara mmoja alisimama kando ili mwenziwe apite. Hewa ikabadilika. Watoto wakafunga madirisha wenyewe bila kuambiwa.

Katika kona moja kali nilimtazama dereva alivyouzungusha usukani, nikakumbuka jambo nililopata kulisoma. Gari lipitapo kwenye kona, gurudumu la ndani halina budi kukata zaidi kuliko la nje, kwa kuwa duara lake ni dogo. Yakikatwa sawasawa, moja litaburuzwa. Jambo hili liligunduliwa tangu zamani za magari ya farasi. Georg Lankensperger, mtengeneza magari wa Munich katika Ujerumani, alibuni mwaka 1817 vyuma vya kuyageuza magurudumu mawili kwa kipimo mbalimbali, na Rudolph Ackermann akaandikisha uvumbuzi huo London mwaka 1818. Mpaka leo magari yetu hufuata shauri lile, na kazi ile hufanywa na fimbo zile zile za chuma alizotuonyesha mzee wa Mombo. Basi kifundo kidogo, kisichozidi ndimu kwa ukubwa, ndicho kinachoyaambia magurudumu yaende wapi kwenye kila kona ya mlima. Mabaharia wetu wa pwani ndio waliotupa neno hili "usukani", nao wajua kwamba jahazi likiwa na tanga jipya na usukani uliolegea halitweki.

Soni, kama katikati ya njia, basi likasimama. Hapo maporomoko ya maji yaonekana kutoka barabarani, yakishuka juu ya miamba, na njia nyingine hugawanyika kwenda Bumbuli. Wanawake wakaja na matunda madirishani. Mwalimu akawanunulia watoto wote, na akamnunulia Bibi zaidi. Nikajua moyo wake umeanza kutulia.

Lushoto tulipokewa kwa vigelegele. Kaka yake mama wa watoto akatazama nyuma yetu kama anatafuta kitu, kisha akauliza, "Gari liko wapi, shemeji?" Mwalimu akamweleza yote, wala hakuficha neno. Yule ndugu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwaka juzi kijana wa jirani yetu alishuka mlima huu na breki alizoambiwa zina kasoro. Mama yake angali anavaa nguo nyeusi. Karibuni ndani." Wala neno la gari halikutajwa tena usiku ule.

Bibi arusi alichukuliwa katika gari la mwalimu mkuu mmoja mstaafu wa pale, motakaa yenye umri uliozidi miaka 20, ambayo rangi yake ilikuwa imefifia kwa jua. Mwenyewe alitueleza kwamba kila miezi mitatu hulala chini yake kwa taa ya mkononi, na ana daftari ambamo ameandika kila kitu alichobadilisha, na tarehe yake. Maua na utepe vilifungwa juu ya gari lile kuukuu, likapendeza, na saa nne kamili lilikuwa mlangoni pa kanisa.

Jumatatu tulishuka. Kifundo kipya kilikuwa kimewekwa, magurudumu yamenyoshwa, na mpira wa upande wa kuume nao umetazamwa. Mwalimu aliniambia kwamba gharama yote ya mzee yule haikufika hata robo ya fedha alizokwisha kuwalipa wale watatu. Tulirudi Muheza, na gari lilikwenda kama mshale.

Sasa mtu aweza kusema, "Gari lile liliharibika kwa sababu limetumika ng'ambo, jipya kabisa halina hayo." Sivyo. Mwezi wa Machi mwaka 2010 kampuni ya General Motors iliita warudishwe kwa matengenezo magari yapatayo milioni 1.3 katika Amerika ya Kaskazini, pamoja na yale yaitwayo Chevrolet Cobalt, kwa sababu msaada wa umeme katika usukani ulikuwa waweza kukoma ghafula. Tena mwezi wa Oktoba mwaka 2024 kampuni ya Honda iliyaita magari yapatayo milioni 1.7 huko Marekani, ya miaka ya 2022 hata 2025, pamoja na Civic na CR-V, ambayo ni magari ya nyumba za watu wa kawaida. Ndani ya kisanduku cha usukani palikuwa na gurudumu dogo la meno lililoweza kuvimba kwa joto na unyevu, grisi ikapungua, na usukani ukawa kama unanata. Dawa yake ilikuwa kubadili springi na kuongeza grisi, bila malipo kwa mwenye gari. Hayo yalikuwa magari mapya, na waliyoyafanya ni mafundi wenye elimu kubwa.

Jambo la kuangalia ni hili: kampuni ikiliita gari, humwandikia mwenyewe barua. Lakini gari likisha kuuzwa na kuvuka bahari, barua ile haijui njia ya kwetu. Kwa hiyo anunuaye gari lililotoka ng'ambo na aichukue namba ya chasisi, akaitafute kwa mtandao wa kampuni iliyolitengeneza, au amwombe kijana ajuaye kufanya hivyo, ili ajue kama gari lile liliwahi kuitwa na kama lilitengenezwa.

Tena kabla ya safari ndefu mwenye gari aweza kufanya haya bila fundi. Na apime upepo wa matairi yote, maana tairi moja likipungua gari huvuta upande huo. Na apitishe mkono juu ya tairi, ndani na nje. Likiwa limelika upande mmoja, pana jambo katika vyuma. Akiisha kwenda mwendo kidogo, na aweke mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki yake imeshika, na hiyo nayo huvuta gari. Asihukumu kwa njia yenye mteremko wa ubavuni, kwa kuwa barabara nyingi zimeinamishwa kando ili maji yatoke, na gari zima pia huelekea huko; na ajaribu mahali palipo sawa. Na avitazame vichwa vya betri. Kisha amwite fundi atie jeki na kutikisa magurudumu mbele ya macho yake. Fundi asiyetaka utazame, usimwachie gari lako.

Nanyi akina mama wa nyumba, msidhani mambo haya ni ya wanaume peke yao. Mara nyingi ninyi ndio mlioketi karibu na dereva, mkiyasikia yale asiyoyasikia kwa sababu ya haraka yake. Mkisikia sauti mpya, semeni mapema, kabla ya mlima. Na ninyi akina baba, mkiambiwa, msione kwamba mmeaibishwa. Taa iliyofutwa kwa kompyuta haijalitengeneza gari, kama vile kumnyamazisha mtoto aliaye hakujamponya homa.

Mwisho nashauri kila nyumba yenye gari iwe na daftari la gari, kama lile la mzee wa Lushoto, na iweke kando kila mwezi fedha kidogo za matengenezo, kama iwekavyo ada za shule. Asiyeweza kuzitenga fedha hizo bado hajawa na uwezo wa kuwa na gari, ingawa ameweza kulinunua. Na atakayepata kwenda Lushoto, aende. Nchi ile ni nzuri, maji yake ni baridi, na watu wake ni wakarimu. Ila akifika Mombo asimame kwanza, awashushe watoto, alitazame gari lake chini.

Wasalaam.